King'amuzi cha taa za rangi ni nini hasa?

Ukitaja king'amuzi hapa Moshi kila mtu anawaza cha tivii, kuna mzee mwenye ukumbi aliniuliza kama kinalipiwa kifurushi kila mwezi. Hakilipiwi, ila swali lake lilinisaidia kueleza, maana kazi ni ileile: kinapokea lugha ya kontrola, yaani kifaa cha kuendeshea taa, ambayo mkanda wa taa hauielewi, kinaigeuza iwe lugha ya mkanda.

Lugha ya kontrola ni DMX512, ipo tangu 1986, ilitengenezwa kwa ajili ya taa za majukwaani. Waya mmoja unabeba chaneli 512 na kila chaneli ni namba tu, 0 imezima, 255 imewaka yote.

Sasa mkanda, na hapa ndo watu wanapoteza hela. Ule wenye nyaya nne, umeme na rangi tatu, ukiuambia bluu unakuwa bluu wote mwanzo mpaka mwisho. Wa pikseli, yaani kila taa inaweza kuwa na rangi yake, mara nyingi una nyaya tatu, umeme, data na graundi, na kila taa ina kachipu kake, mfano WS2812B ya volti 5. King'amuzi cha ule wa kwanza hakiendeshi huu wa pili, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

Taa inajuaje zamu yake? Chukulia uko sendoff, mhudumu anamkabidhi mtu wa kwanza kwenye mstari rundo la sahani, huyo anatoa ya juu anabaki nayo, rundo linalobaki anampa jirani, jirani naye hivohivo mpaka mwisho wa viti. Chipu ya kwanza inashika namba tatu za mwanzo, nyekundu yake kijani yake na bluu yake, zingine inazisukuma mbele. Taa yenyewe haina anwani iliyoandikwa popote, anwani yake ni pale ilipokaa kwenye foleni, ndo maana chipu moja ikifa zinazofuata zinakosa data, na ndo maana mkanda una mshale, ukiufunga kinyume hupati kitu.

Hesabu yake: pikseli moja inakula chaneli 3, kwa hiyo DMX moja inatosha pikseli 170. Mita 5 zenye taa 60 kila mita ni pikseli 300, chaneli 900, hapo lazima utumie laini mbili za DMX. Mkanda wa WS2811 wa volti 12 kawaida chipu moja inabeba taa tatu, mita hizohizo zinakuwa pikseli 100 tu, na kwa ukumbi mimi nauona unafaa zaidi.

Kuna siku tunapima taa ukumbi mmoja Majengo, saa kumi jioni, kamati inataka jukwaa la maharusi liwe jekundu, naweka nyekundu inatoka kijani, mama wa kamati amesimama pembeni na kitambaa cha mapambo mkononi anafananisha rangi. Nimefungua kila waya nikafunga tena, kumbe WS2812B inapokea kijani kwanza ndo nyekundu, nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi nikabadili RGB (nyekundu, kijani, bluu) ikawa GRB (kijani, nyekundu, bluu), pakawa pekundu kama kile kitambaa.

Na king'amuzi hakileti umeme jamani, zile taa 300 za WS2812B zikiwaka nyeupe yote zinaweza kula mpaka ampia 18, ukiingiza upande mmoja tu zile za mwisho zinakuwa njanonjano kwa sababu volti zimeshuka na bluu inadhoofika mapema. Ingiza umeme na upande wa pili, afu graundi ya king'amuzi na ya mkanda ziungane, zisipoungana taa zinacheza hovyo hata kama programu yako iko sawa kabisa.