Utelezi wa gogo si uchafu, na kambare wenu yumo humo ndani

Wiki hii nimetumiwa tena picha ileile. Gogo la akwariamu limeanikwa uani juani, Shangani hapahapa Mtwara mjini, limesuguliwa kwa brashi ya waya na sabuni ya unga mpaka limepauka. Chini ya picha mwenye tangi ameandika: "Fundi, gogo lilikuwa na utelezi, nikalitoa nikaliosha vizuri. Ila yule kambare mwenye ndevu simwoni, atakuwa ameruka?"

Hajaruka, dada yangu. Yumo ndani ya gogo. Litie sasa hivi kwenye ndoo ya maji ya tangi, usilirudishe kwenye tangi lenyewe kwa sababu ya sabuni, lifunike kwa khanga, weka kivulini, badilisha maji ya ndoo mara mbili tatu, kisha subiri giza liingie.

Usiku alitoka, mzima. Si muujiza. Hawa pleko, yaani kambare wa akwariamu wanaotoka mito ya Amerika ya Kusini, humeza hewa na kuitumia tumboni, maana huko kwao maji hupungua na kuishiwa oksijeni, na ngozi yao imefunikwa mabamba ya mfupa. Akibaki na unyevunyevu anaweza kuvumilia nje ya maji kwa saa kadhaa. Mimi nilihofia sabuni kuliko jua. Sabuni huondoa ute unaomkinga na kuunguza matamvua, na mti ulioinywa huitoa polepole hata baada ya wewe kuamini kwamba umeshausuuza.

Ujumbe wa namna hii unanijia kutoka Ligula, Mikindani na Lindi, na chanzo ni imani moja: gogo likiteleza limechafuka, maji yakigeuka kahawia yameoza, kwa hiyo toa, sugua, chemsha, tia jiki, anika. Naomba leo tuumalize mjadala huu.

Huo utelezi ni utando ulio hai. Ni bakteria, kuvu, mwani mdogo usioonekana kwa macho na vijidudu vinavyoishi juu yake, vyote vimejishikiza kwenye mti kwa ute. Sehemu ya bakteria hao ndio wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wengi wao wako kwenye filta, hilo nakubali, lakini katika tangi dogo lenye filta dhaifu sehemu iliyoko kwenye gogo si ya kupuuzwa. Halafu huyo pleko mdomo wake mnafikiri umeelekezwa chini kwa nini? Ni mdomo wa kukwangua utando huo. Mnamnunua awasafishie tangi, kisha mnasugua chakula chake chote mpaka mti unabaki mtupu, halafu mnaniuliza mbona tumbo lake limeingia ndani.

Gogo jipya ndilo linalowatisha zaidi, kwa sababu katika wiki za mwanzo huota ukungu mweupe mzito. Ukungu huo unakula sukari iliyobaki kwenye mti. Sukari ikiisha nao unatoweka wenyewe, na mara nyingi konokono na pleko huumaliza kabla ya hapo. Kama unakukera macho, uvute kwa mpira wa kunyonyea maji siku ya kubadilisha maji. Gogo libaki mahali pake.

Maji ya kahawia ni tanini, ileile iliyomo kwenye majani ya chai. Haimdhuru kambare, mito mingi anakotoka ina maji ya rangi hiyo. Wauzaji wengine husema tanini inatibu magonjwa na kuongeza asidi ya maji mpaka ilingane na ya Amazon. Hapo nawaomba mtulie. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni magumu, yamejaa kabonati, na kabonati humeza asidi hiyo kidogo ya gogo bila kipimo kusogea. Sijawahi kuona gogo moja likibadilisha maji ya kisima cha Mikindani zaidi ya rangi yake. Kuhusu kutibu, yapo majaribio ya maabara, lakini kutoka maabara hadi tangi la sebuleni ni mbali, na simwambii mteja kwamba gogo ni dawa. Rangi ikikuchosha, badilisha robo ya maji kila wiki, itapungua. Kama maji mapya ni ya bomba, yaache kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima au tia dawa ya kuondoa klorini.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniudhi kuliko sabuni: kumtoa kambare kwa nguvu.

Pleko akiogopa hatoki. Anafanya kinyume chake. Miiba ya mapezi ya kifuani na wa mgongoni huifungua na kuifunga kwenye kiungo chake, ikasimama imara bila yeye kutumia nguvu yoyote, akawa amekwama kwenye kuta za tundu kwa makusudi. Ndiyo kinga yake dhidi ya ndege na samaki wakubwa. Ukimvuta mkia, unashindana na mfupa, na kitakachoachia ni pezi. Ukitikisa gogo anakaza zaidi. Ukimchokoa kwa kijiti unamtoboa tumbo, ambako ndiko hakuna mabamba. Nimeletewa samaki waliochanika mapezi kwa sababu tu mwenye tangi alikuwa na haraka ya kuosha mti usiohitaji kuoshwa. Hata Synodontis, kambare wetu wa Afrika, wakiwemo wale wa Ziwa Tanganyika na yule wa Kongo anayeogelea tumbo juu, wana miiba ya kufunga vivyo hivyo, na ukiwashika utawasikia wakilia kwa kusugua miiba hiyo. Huo mlio ni wa hofu, jamani. Msiwaite watoto waje kusikiliza.

Wavu pia uacheni. Miiba hunasa kwenye nyuzi. Ikishanasa, kata wavu. Wavu unanunulika.

Kwa kawaida mimi gogo silitoi kabisa. Naingiza mpira wa kunyonyea maji, mswaki laini mkono wa pili, nasugua tu pale mwani ulipokuwa mrefu na kuziba, na mpira unavuta uchafu hapohapo kabla haujatawanyika. Chini ya gogo ndiko kwenye kinyesi kingi, maana pleko ananya sana, kwa hiyo hapo natumia muda. Ndani ya tundu lake sigusi. Vitabu vinasema fyonza kila pembe ya tangi, na kwa muda mrefu nilikuwa na wasiwasi kwamba napuuza kazi. Lakini ukiangalia usiku utamwona mwenyewe akipeperusha mapezi na mkia, vumbi linatoka mlangoni. Mashaka yangu yamebaki kwenye matundu marefu yasiyo na upande wa pili wa kutokea maji. Hayo huwa nayapulizia maji taratibu kwa bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, nikijua hayupo ndani.

Na ukikuta amekaa tundu moja siku nyingi, anapeperusha mapezi bila kupumzika na haji kula chakula, mulika kidogo. Huenda analinda mayai. Kwa Ancistrus, wale pleko wadogo wenye ndevu, ni dume ndiye anayelea: mayai ya rangi ya chungwa yanashikana bonge moja, huanguliwa ndani ya siku kama tano, na vifaranga hubaki na kiini chao tumboni siku kadhaa tena. Kwa wiki mbili gogo hilo si lako.

Zipo sababu za kweli za kulitoa gogo: kuhamisha tangi, kioo kimevuja, au mti umeoza. Basi fanya hivi. Siku kadhaa kabla, laza karibu na gogo kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango, au kipande cha bomba la plastiki kinachomtosha kwa kubana kidogo. Anapenda kubanwa, bomba pana hatalihamia. Kila jioni taa ikizimwa weka kipande cha tango karibu na mlango wa hiyo nyumba mpya, mbali na gogo. Wengine huhama usiku wa kwanza, wengine wanagoma wiki nzima, na sijaona kanuni inayotabiri nani atagoma. Akishaingia bombani, ziba ncha zote mbili kwa viganja, inua bomba likiwa na maji ndani, mhamishe. Kifuu unakichota kwa bakuli, chini ya maji, bila kukiinamisha.

Kama hakuna muda wa hayo, subiri saa mbili tatu baada ya giza. Washa tochi uliyoifunika karatasi nyekundu ya plastiki, mtafute kwenye kioo. Ukimwona kwa macho yako yuko kwenye kioo, inua gogo. "Nadhani ametoka" haitoshi.

Na kama lazima gogo litoke naye ndani, lisivuke hewani. Zamisha ndoo au beseni ndani ya tangi, sogeza gogo liingie humo likiwa chini ya maji, toa vyote pamoja. Kama tangi ni dogo na ndoo haiingii, inua polepole mlango wa tundu ukiangalia juu ili maji yabaki humo, na beseni lenye maji ya tangi liwe limeshagusa ukingo wa kioo. Weka kivulini na tia pampu ya hewa. Joto letu si la mchezo: maji ya nyuzi 30 yana oksijeni isiyozidi miligramu 7.6 kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hufika 9. Ndoo iliyoachwa barazani mchana Mtwara inapata moto haraka kuliko tangi zima, na hapo ndipo kuvumilia kwake kunapofika mwisho.

Mkaushaji wa gogo naye ajue anachofanya. Mti ulioanikwa unajaa hewa na kuelea tena, utausubiri wiki kadhaa uzame. Jua la hapa linaupasua. Utando wote unakufa, na ukiurudisha majini hivyohivyo, utando uliokufa unaoza na kula oksijeni. Yaani umetengeneza uchafu ambao haukuwapo.

Kuchemsha ni kwa gogo jipya, kabla halijakutana na samaki, na si kwa saa nyingi, maana nyuzi za mti hulegea na kuoza mapema. Jiki sitii kabisa kwenye mti. Inapenya ndani na huna namna ya kuhakikisha imetoka.

Nigusie na aina za miti, maana maswali hayaishi. Mkorosho hapana, hata kama shamba la babu lina visiki vya kugawa: una utomvu unaounguza, na mbao yake laini inaoza upesi. Mwembe ni wa ukoo huohuo, uacheni. Mpingo mnaupata bure kwa wachonga vinyago na unazama papo hapo, lakini vumbi lake huwasha ngozi na una mafuta yake. Kuna wanaoutumia bila tatizo, mimi siuweki kwenye tangi la mtu. Mpera mkavu ni mzuri sana. Mti uliookotwa ufukweni umejaa chumvi na matundu ya wale viumbe wanaotoboa majahazi, na chumvi hukaa ndani ya matundu hayo, kwa hiyo uloweke kwenye maji yasiyo na chumvi wiki nyingi ukibadilisha maji. Mikoko hai msiikate. Ile ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma imo ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, na hata nje ya hifadhi inahitaji kibali.

Je, pleko lazima awe na mti? Maduka yanasema bila mti hawezi kusaga chakula. Wale wa jamii ya Panaque wanakwangua mti kweli na kuumeza, lakini waliowapima waligundua kwamba unapita utumboni kwa saa chache tu, hawauyeyushi kama mchwa. Wanachofaidi zaidi ni vilivyomo kwenye mti uliooza. Ancistrus nimewaona wakikua na kuzaa kwenye mabomba na vifuu bila kipande cha mti. Hata hivyo bado nawawekea gogo, kwa sababu wakiwa nalo naona wanatoka zaidi mchana. Sina kipimo cha hilo zaidi ya macho yangu.

Kuoza kwa kweli mtakujua hivi. Bonyeza kwa ukucha: gogo zima linateleza juu lakini ndani ni gumu, lililooza ukucha unazama na linamenyeka vipande. Linuse likiwa limelowa: zima lina harufu ya udongo, lililooza ndani linanuka mayai viza. Hilo ndilo la kutupa, wala halisafishiki. Na mnapolitupa, pleko mkubwa aliyekushinda msimpeleke Ruvuma wala kwenye bwawa la jirani. Wale wa kawaida hufika sentimita 40, na wamekwisha kuota mizizi kwenye mito ya Afrika Kusini na Marekani ambako hakuna aliyewaalika. Nipigieni simu nimchukue.

Lakini kabla gogo halijaenda jalalani, lilaze usiku mzima kwenye ndoo ya maji ya tangi, pampu ya hewa ikiwaka, kifuu pembeni. Asubuhi chungulia kwenye kifuu, chungulia kila tundu la gogo kwa tochi, kisha hesabu samaki walioko tangini. Hesabu isipotimia, gogo halitoki nyumbani.