Usiandike "Imehifadhiwa" kabla fclose haijajibu

Kila nikiletewa programu ya C na vijana wa hapa Kigoma niikague, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mstari unaomwambia mtumiaji "Imehifadhiwa". Nikiupata, napanda juu kuona nani kathibitisha. Mara nyingi simwoni.

Chukua programu ya kurekodi uzito wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Gunia likitoka kwenye mizani, fprintf inaandika mstari kwenye faili, inarejesha namba chanya, na mwandishi wa programu anaridhika. Namba ile inasema tu kwamba maneno yamepokewa na maktaba, na kwa kawaida bado yamo kwenye bafa, yaani sehemu ya kusubiria ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, haijaitwa. Wito wa write, unaoipa kerneli data iandike, huja baadaye, bafa ikijaa au faili likifungwa, na kama kadi ya kuhifadhia imejaa, kosa la ENOSPC (nafasi imeisha) hutokea wakati huo. Kwa hiyo fclose, inayofunga faili, ikirejesha EOF (alama ya kushindwa), chukulia kwamba kuna magunia ambayo hayamo kwenye faili. Hata ikifaulu, data imekabidhiwa kerneli tu, haijathibitishwa kwenye diski. Umeme ukikatika hapo, rekodi inaweza kupotea. Kabla ya kufunga faili ita fflush, inayotoa yaliyomo kwenye bafa, halafu fsync, inayoiambia kerneli iyafikishe diski, na usome jibu la kila moja.

Kwenye Linux unaweza kujijaribu bila kujaza kadi: elekeza programu iandike kwenye /dev/full, faili maalumu linalojifanya limejaa. Kila write huko hujibiwa ENOSPC. Programu ikiendelea kusema "Imehifadhiwa", umepata pa kuanzia.

Ukiita write moja kwa moja, kumbuka kuwa inaweza kuandika baiti pungufu kuliko ulizoomba, na hilo si kosa. Endelea na zilizobaki. Errno, yenye namba ya kosa la mwisho, iangalie baada ya wito kushindwa tu, na uinakili kwenye kibadilika chako kabla hujaita kitu kingine chochote, hata printf, maana nayo inaweza kuibadilisha.

Sasa nyongeza za maktaba, ambako naona hatari inayojificha zaidi. Fanksheni ya strerror_r, inayogeuza namba ya kosa kuwa maneno, ina sura mbili. Ya POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, inarejesha int (namba kamili), na 0 maana yake imefaulu. Ya GNU, mradi wenye maktaba ya glibc, inarejesha pointa (anwani ya kumbukumbu) ya maneno yenyewe, na huenda isiguse kabisa bafa uliyoipa. Kwenye glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, ukitangaza _GNU_SOURCE unapata ya GNU; musl, maktaba nyingine ya C inayotumiwa na Linux ya Alpine, ina ya POSIX tu. Tazama basi: ukiandika "kama jibu si 0, imeshindwa" halafu ukaangukia ya GNU, kompaila haitalalamika, kwa sababu pointa inaruhusiwa kulinganishwa na 0. Programu itadai imeshindwa kila mara. Yaani ukaguzi upo, ila unauliza swali la fanksheni nyingine! Soma ukurasa wa man (mwongozo wa fanksheni), amua unataka ipi, na _GNU_SOURCE iwekwe juu kabisa, kabla ya include ya kwanza.

Asprintf, inayounda maneno kama printf ila huyaweka kwenye kumbukumbu, nayo inapendwa, na mimi pia naitumia, kwa kuwa inatenga kumbukumbu yenyewe. Kumbukumbu ikikosekana inarejesha -1, na yaliyomo kwenye pointa hayaaminiki tena. Wengi wanakagua pointa kama ni NULL, kwa mazoea ya malloc, fanksheni ya kuomba kumbukumbu. Kagua namba iliyorejeshwa.

GCC, kompaila ya C, itakusaidia kiasi. Kompaili kwa -O2 -D_FORTIFY_SOURCE=2 kwenye glibc, na itakuonya ukipuuza jibu la write. Kuna wanaotanguliza (void) mbele ya wito, kusema jibu hawalihitaji, ili kuinyamazisha. Kwa GCC hilo halitoshi, onyo linabaki palepale, nami nafurahi kwamba linabaki.