Ukungu wa mahindi: ninavyomtambua Aspergillus

Mtu akileta maabara mahindi yaliyoota ukungu, swali lake huwa moja: yana sumu? Kwa macho siwezi kumjibu. Ninachoweza kumwambia haraka ni aina ya fangasi.

Nabandika kipande cha selotepu kwenye ukungu, nakibandua, nakilaza kwenye kioo chenye tone la rangi ya bluu, kisha naingia kwenye hadubini. Aspergillus, mmoja wa fangasi wa ukungu huo, hajifichi: kikonyo kimoja kimesimama wima, juu kina kichwa cha duara kilichojaa minyororo ya spora pande zote, mfano wa kitunguu kilichochanua maua. Penicillium, fangasi mwingine anayechanganywa naye sana, hana kichwa hicho.

Rangi nayo husaidia. Mweusi tii mara nyingi ni A. niger. Wa njano-kijani ni A. flavus, na huyo ndiye mtengenezaji wa aflatoksini, sumukuvu (sumu ya ukungu) iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui, na iliyozuka Dodoma na Manyara mwaka 2016. Lakini wapo flavus wasiotoa sumu kabisa, na punje inayong'aa inaweza kuwa nayo. Ndiyo maana sumu hupimwa peke yake. Kiwango cha juu cha aflatoksini kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo.

Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Kukoboa huipunguza, ila inahamia kwenye pumba, pumba zinaliwa na ng'ombe, na sehemu yake inarudi nyumbani ndani ya maziwa. (Kumwagia kuku mahindi mabovu nako si kuyatupa.) Ukila nyingi kwa mkupuo, ini linafeli na macho yanakuwa manjano, ukila kidogo kidogo kwa miaka, ni saratani ya ini, hasa kama una homa ya ini B.

Kuna ndugu yake asiyehitaji kuliwa: A. fumigatus. Spora zake tunazivuta kila siku bila madhara, lakini zikikuta tundu lililoachwa na kifua kikuu kwenye pafu, huota humo na kufanya bonge. Mgonjwa anakohoa damu, anadhaniwa TB imerudi, anaanzishiwa tena dawa zake. Kama ulimaliza dozi ya TB, unakohoa damu na makohozi hayaonyeshi TB, muulize daktari kuhusu picha ya kifua na kipimo cha kingamwili za Aspergillus.