Watoto wachanga wana mazungumzo yao

Mama akija kliniki kwetu hapa Lamu na mwanawe wa miezi minne, mara nyingi humkumbatia uso kifuani, mgongo kwa wenzake. Mimi humwomba amgeuze. Mtoto huyo ana hamu kubwa na watoto wenzake.

Hamu yenyewe huanzia kwenye kilio. Mmoja akidungwa chanjo ya wiki 6 ndani, walio benchini nje nao huanza. Mwaka 1976, watafiti Abraham Sagi na Martin Hoffman waliwasikilizisha baadhi ya watoto wa siku moja au mbili kilio cha mtoto mchanga, na wengine kilio kilichoundwa kwa kompyuta, chenye ukali uleule. Waliosikia kilio cha mtoto walilia zaidi. Kama hiyo tayari ni huruma, wataalamu wanabishana. Mimi naamini ndiko inakoanzia.

Tabasamu la kumpa mtu huja kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kufikia chanjo ya wiki 14, mtoto humkodolea macho mwenzake, akapigapiga miguu, kisha ghafla akatazama kando. Mama husema, "Hamtaki." Sivyo. Kutazamana uso kwa uso kunamchosha, anapumzika tu. Msimwondoe, ngojeni, atageuka tena mwenyewe.

Majuzi wawili wa miezi sita walikuwa mkekani, kila mmoja ameshikwa kiuno na nyanyake. Mmoja akavuta kijiko cha plastiki mkononi mwa mwenziwe. Nyanya akanyoosha mkono akirudishe. Nikamwambia, "Waache kidogo, bibi." Aliyenyang'anywa hakulia. Alitazama kijiko, akatazama uso wa mwenzake, akasema "aaa." Yule akatulia, akajibu "aaa," kisha wote wawili wakakishika. Katika umri huu kunyang'anyana hakuleti kilio mara nyingi. Ugomvi wa "changu" huja baadaye.

Wakifika miezi tisa huigana: huyu akipiga mkeka, yule naye hupiga.

Jioni mkikaa barazani, walazeni au wakalisheni wakitazamana, karibu kiasi cha kugusana. Mtu mzima asibanduke, maana vidole huishia machoni. Mwenye kikohozi au homa abaki nyumbani. Na mtoto wa miezi sita asiyetazama nyuso za watu wala kugeukia sauti, mleteni kliniki tumwangalie, msingojee chanjo ya surua ya miezi tisa.