Sungura Aliyeacha Kula: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Saa moja jioni nilimshikia sungura wangu, Pamba, kipande cha ndizi mbele ya pua. Siku nyingine zote angeninyang'anya kabla mkono haujashuka. Jioni ile alikinusa, akageuza shingo, akarudi pembeni na kujikunyata, tumbo kalibana sakafuni. Nyasi za asubuhi zilikuwa vilevile nilivyoziweka. Kwenye trei ya choo nilikuta gololi za kinyesi nne tu, ndogo kama punje za mtama, mbili kati yake zimeshikana kwa unywele mfano wa shanga za tasbihi. Sungura mzima huacha gololi mamia kwa siku, kubwa, za mviringo, zinazovunjika ukizibana na ndani utaona nyasi tupu.

Nikaanza kuwauliza watu wanaofuga. Kila mmoja alikuwa na jibu, na mengi ya majibu yale yangemzika. Nayaandika hapa kwa sababu mpaka leo nayasikia.

"Mwache, kesho atakula mwenyewe"

Huu, wa jirani yangu, ndio ushauri ninaouogopa kuliko wote, maana unasikika kama busara. Mbwa mzima akisusa chakula kutwa, unaweza kumtazama tu. Sungura hana nafasi hiyo. Utumbo wake umeumbwa kutembea usiku na mchana, na kinachousukuma ni nyuzinyuzi ndefu za nyasi. Chakula kikitoka tumboni na kupita utumbo mwembamba, hufika kwenye mfuko mkubwa ambamo bakteria wanakichachua. Nyuzi ngumu hutupwa nje zikiwa gololi. Chembe laini hurudishwa ndani ya mfuko huo zikaendelee kuchachuka. Nyuzi zikikosekana, mwendo unapungua. Mwendo ukipungua, maji yananyonywa na kilichomo kinakauka. Bakteria wabaya wanaozalisha gesi wanapata nafasi, gesi inavimbisha utumbo, utumbo uliovimba unauma, na anayeumwa hali. Hapo mduara umefunga. Tena sungura hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo kilichokwama hakirudi juu.

Ini nalo linaingia hatarini. Mwili usiopata chakula huchota mafuta yake wenyewe na kuyapeleka kwenye ini, na kwa sungura ini hujaa mafuta upesi likashindwa kazi. Mnene ndiye anayewahi kuanguka, ingawa watu hudhani unene ni akiba.

Ndiyo maana madaktari wa wanyama huhesabu kwa saa. Sungura aliyemaliza muda wa saa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura. Na kama amejikunyata, masikio ya baridi, hataki kusogea, hizo 12 usizingoje. Pamba alikula mara ya mwisho saa mbili asubuhi. "Kesho" ya yule jirani ingekuwa saa 24 kamili.

"Mbona gololi bado zinatoka?"

Zinazotoka sasa ni za chakula cha jana. Sungura anaweza kuwa ameacha kula tangu usiku na trei bado ikapata vigololi kadhaa. Tazama ukubwa na umbo: zikianza kuwa ndogo, ngumu, zenye ncha, au zimefungwa kwa nywele, utumbo umeshapunguza mwendo.

Kuna kinyesi kingine kinachowachanganya wengi: vidonge laini vinavyong'aa, vimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu, vyenye harufu kali. Hicho si kuhara. Ni chakula chake cha mara ya pili, chenye vitamini na protini zilizotengenezwa na bakteria, na kwa kawaida hukichukua kwa mdomo moja kwa moja kinapotoka, usione kitu. Ukikikuta kimelala sakafuni jiulize kwa nini hakukila: ameshiba vitu vitamu kupita kiasi, au mgongo au mdomo unamuuma. Kuhara kwa kweli, kwa majimaji, ni dharura nyingine.

"Angekuwa na maumivu angelia"

Sungura ni windo. Maelfu ya vizazi vyake vilivyolia ovyo viliwaita walaji, na vilivyobaki ndivyo vilivyojua kunyamaza. Maumivu yake huyasomi kwa masikio bali kwa macho. Macho yake yanafumba nusu, mashavu yanabonyea, masikio yanalazwa nyuma, mwili unakunjwa, au anajinyoosha na kulikandamiza tumbo sakafuni, anainuka, anajilaza tena. Wengine husaga meno. Hapo uwe makini, kwa sababu sungura akipapaswa kichwani na kufurahi husaga pia, ila ni msagiko mwepesi unaousikia kwa vidole kuliko kwa masikio. Ule wa maumivu unasikika ng'ambo ya chumba.

Dawa ya maumivu kutoka kwa daktari mara nyingi ndiyo inayomrudisha kwenye nyasi kuliko kitu kingine chochote. Lakini iwe yake. Kabati lako la dawa liache lilivyo.

"Ni nywele zimemziba, mpe juisi ya nanasi"

Hii nilikaribia kuifanya. Nilikuwa nimeshashika kisu.

Sungura hujilamba kutwa, na nywele zimo tumboni mwake kila siku, awe mzima au mgonjwa. Utumbo ukitembea zinatoka na gololi. Utumbo ukisimama, maji yakanyonywa, nywele na mabaki ya chakula hukauka pamoja yakawa donge. Ndipo mtu akiona donge kwenye picha ya eksirei anasema hilo ndilo lililoanza, kumbe lilikuja nyuma. Kimeng'enya cha nanasi, na cha papai pia, huvunja protini kama za nyama, lakini protini ya unywele hakiiwezi. Kinachobaki kwenye hiyo juisi ni sukari, na sukari ni karamu kwa bakteria wanaotoa gesi. Donge hulainishwa na maji: ya kunywa, na ya daktari, kwa dripu au kwa sindano chini ya ngozi.

Nisiseme hata hivyo kwamba kuziba hakupo. Kipo kidonge cha nywele zilizoshikamana, kidogo lakini kigumu, kinachonasa kwenye utumbo mwembamba. Tofauti yake ni kasi. Huyu asubuhi alikuwa akirukaruka. Saa chache baadaye yuko hoi kwa uchovu, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Daktari hupiga picha ya eksirei na kupima sukari ya damu, ambayo kwa aliyezibwa hupanda sana. Kwa mgonjwa wa aina hii mambo yote ya nyumbani yakome, la kwanza kukomeshwa likiwa kulisha.

"Mlazimishe kula, chakula ni dawa"

Nusu ya kauli hii ni kweli. Nusu nyingine inaua. Ukimsukumia chakula sungura aliyezibwa unajaza tumbo lisilo na mlango. Kwa hiyo kwanza daktari aseme njia iko wazi.

Ikiwa wazi, kulishwa kwa mkono kunaokoa. Kuna unga maalumu wa wanyama wanaokula nyasi, unaokorogwa na maji ya uvuguvugu. Usipopatikana, chakula chake cha vidonge kinalowekwa na kupondwa mpaka kiwe uji unaopita kwenye sirinji isiyo na sindano. Usiku ule nilifundishwa kumfunga Pamba taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu kikiwa nje, miguu yake yote minne ikikanyaga meza ndani ya taulo. Ncha ya sirinji inaingia pembeni, kwenye lile pengo lililo nyuma ya meno ya mbele. Mililita moja, kisha unasubiri. Taya lilikaa kimya, nikadhani nimeshindwa, halafu likaanza kuzunguka polepole. Mililita nyingine. Nusu ya uji wa kwanza iliishia kwenye taulo na kwenye mkono wangu wa shati.

Usimlaze chali kamwe ili kumlisha. Chakula kikiingia mapafuni umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Wengine husema akilazwa chali anatulia, hata analala. Kutulia kule ni kuganda kwa hofu, kama afanyavyo mnyama aliyekwisha kukamatwa.

"Zile antibiotiki zilizobaki zitamsaidia"

Hapana. Penisilini, amoksisilini, klindamaisini au linkomaisini zikipita mdomoni mwa sungura huua bakteria wazuri wa utumbo, wabaya wa jamii ya Clostridium wanachukua nafasi, na sumu yao inaweza kumwua ndani ya siku chache. Zipo antibiotiki salama kwake, na daktari anazijua.

"Ana homa, mwogeshe"

Mara nyingi ni kinyume. Joto la kawaida la sungura ni nyuzi 38.5 hadi 40, na aliyeacha kula huanza kupoa. Chini ya 38 ni dalili mbaya. Mpe chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, iwekwe ubavuni, na aachiwe nafasi ya kuikimbia akitaka. Aliyezidiwa na joto la hewa ni habari tofauti: mpeleke kivulini, umlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, siyo ya barafu, wakati unatafuta daktari. Kumtumbukiza kwenye beseni hakufai kwa yeyote kati ya hao wawili.

"Mtenge, asimwambukize mwenzake"

Utumbo uliosimama hauambukizi, na sungura aliyezoea mwenzake akitengwa naye hupata sababu nyingine ya kutokula. Waweke pamoja, hata safari ya hospitali waende wote wawili. Shida pekee ni kujua gololi ni za nani, na hilo linatatuliwa kwa wavu kati yao kwa usiku mmoja.

"Meno yake mazuri, nimeyaangalia"

Uliyaangalia ya mbele. Sungura ana meno 28, yote yanakua maisha yake yote, yale ya mbele kwa kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Magego yamejificha ndani kabisa ya mdomo mwembamba. Yasiposagwa sawasawa na nyasi huota ncha, ya chini yakauchoma ulimi, ya juu yakakata shavu. Kuyaona kunataka kifaa chenye mwanga, na kuyakagua yote vizuri mara nyingi kunataka dawa ya usingizi.

Hapa ndipo nilipojifunza kwa gharama. Usiku ule wa ndizi Pamba alipigwa picha, akapewa maji, dawa ya maumivu na dawa ya kuamsha utumbo, na kulipopambazuka alitafuna jani la kwanza. Nikafurahi, kesi nikaifunga. Daktari yule alikuwa ameinua mdomo wa juu, akaona meno ya mbele meupe na sawa, akasema meno safi. Wiki tatu baadaye tukawa palepale: pembeni, kajikunyata, trei tupu. Daktari wa pili aliuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: kabla hajaacha kula, alianza kuchagua? Alikuwa ameanza. Kwa karibu mwezi alikuwa akizikimbilia nyasi kwa hamu, anaokota unyasi mmoja, anautafuna mara mbili, anaudondosha. Majani laini alikula. Kidevu kilikuwa kimelowa. Mimi nilisema anadeka. Alipolazwa kwa dawa, gego moja la chini lilikutwa limeota ncha kama mwiba, na ubavuni mwa ulimi kuna kidonda.

Kusimama kwa utumbo karibu kila mara kuna kitu nyuma yake. Kama si meno, ni mchanga au mawe kwenye kibofu, kidonda cha nyayo, uvimbe wa mfuko wa uzazi kwa jike asiyefungwa kizazi, joto, kuhama nyumba, mbwa mgeni, kifo cha mwenzake, chakula kilichobadilishwa ghafla. Ukitibu tumbo ukaacha mwiba, tumbo litarudi.

"Karoti ndiyo chakula cha sungura"

Karoti ni mzizi wenye sukari. Kipande kidogo kama zawadi, basi. Nyasi, mbichi au kavu, ziwe angalau asilimia 80 ya anachokula, na ziwepo saa zote. Chakula cha vidonge kwa mkubwa ni kama gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Maji kwenye bakuli, maana wengi hunywa zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye chupa ya kulamba.

"Ameshakula, amepona"

Ameanza. Gololi za kwanza baada ya kusimama hutoka ndogo na kavu, wakati mwingine zimefunikwa ute, na huchukua siku kadhaa kurudi ukubwa wake. Dawa ya maumivu isikatishwe kwa kuwa kala jani moja. Malizia siku alizoandika daktari.

Pamba sasa namweka kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili na kuandika nyuma ya kalenda. Miezi mitano baada ya gego kusagwa, namba ilishuka gramu 60 kwa wiki mbili, naye bado akila kila nilichompa. Nilipiga simu Jumatatu asubuhi. Ncha ilikuwa imeanza kuota tena, haijafika ulimini.