Chinook ni nini, na kwa nini ile siku ya joto ndiyo ya kuogopa

Watu wa Calgary, kule Alberta magharibi mwa Kanada, wanalijua hili vizuri: unalala nje kuna digrii 20 chini ya sifuri, gari umelichomeka kwenye umeme ili asubuhi injini ikubali kuwaka, unaamka unakuta maji yanachuruzika kwenye mapaa na jirani anatoa takataka amevaa kaptula. Hiyo ndo Chinook. Ni upepo mkavu wa joto unaoshuka kutoka Milima ya Rocky katikati ya msimu wa baridi, unakuja kwa nguvu, unaweza kupandisha joto digrii 20 au zaidi ndani ya masaa machache tu, unakaa siku moja au mbili, saa nyingine unakaa hata zaidi, halafu unakata na baridi inarudi pale pale ilipoachia.

Sasa hilo joto linatoka wapi, maana wengi wanadhani ni hewa ya jangwani imepeperushwa huko. Wala. Hewa yenyewe inatoka bahari ya Pasifiki, imejaa unyevu, inafika British Columbia, jimbo la Kanada lililo magharibi mwa Alberta, inakutana na milima, haina pa kwenda ila kupanda. Ikipanda inapoa, mvuke unakuwa mawingu, mvua na theluji vinamwagwa upande ule wa magharibi, na mvuke ukigeuka maji huwa unaachia joto ndani ya hewa, kwa hiyo hewa inapanda huku inapoteza kama digrii 6 tu kwa kila kilomita. Ikivuka kilele imeshakauka, inaanza kuteremka upande wa Alberta, na kadiri inavyoshuka inazidi kukandamizwa, na hewa ukiikandamiza inapata moto, aliyewahi kujaza tairi ya baiskeli kwa pampu ya mkono anajua lile bomba linavyochoma. Hapo inapata digrii 10 kwa kila kilomita. Piga hesabu ya mfano: imepanda kilomita 2 imepoteza 12, imeshuka kilomita 2 imepata 20, tayari una faida ya digrii 8 bila jua kufanya chochote. Na hiyo hewa ndo inaisukuma ile baridi nzito iliyokuwa imekalia tambarare.

Dalili yake iko angani. Ukitazama magharibi unaona wingu refu limekatwa kama kwa rula, chini yake kuna utepe wa anga safi, milima inaonekana wazi kabisa, na jua likianza kuzama huo utepe unawaka rangi ya chungwa. Kuna wanaoijua hata kabla ya kutazama juu, vichwa vinaanza kuwauma, wenye kipandauso hasa wanaichukia Chinook kuliko theluji yenyewe.

Yasichukuliwe kama utani mabadiliko haya. Upepo wa aina hiyo hiyo ulipiga Spearfish, South Dakota, kule Marekani, tarehe 22 Januari 1943, saa moja na nusu asubuhi, joto likaruka kutoka kama digrii 20 chini ya sifuri hadi 7 juu ya sifuri ndani ya dakika 2, likaendelea mpaka 12, halafu upepo ulipokata likarudi kule chini ndani ya dakika 27, vioo vya madirisha vikapasuka. Hata Olimpiki ya baridi ya 1988 iliyofanyika Calgary, upepo ulisumbua mpaka mashindano ya kuruka kwa skii yakaahirishwa zaidi ya mara moja.

Ila kwa mtu wa kawaida anayeenda kazini tatizo sio upepo, ni maji. Mchana theluji inayeyuka, yale maji yanashuka kwenye bomba la paa, na nyumba nyingi hilo bomba linamwaga karibu na njia ya kupita watu, yanatambaa juu ya simenti, jioni joto linapita sifuri kwenda chini na yanaganda hapo hapo, tabaka jembamba lisilo na rangi. Wenyewe wanaita barafu nyeusi kwa sababu unachoona ni lami tu iliyo chini yake, unadhani ni unyevu, unakanyaga, uko chini. Theluji mpya bwana ina msuguano wake, buti linazama linashika, ukianguka unaangukia kitu laini. Hii haina huruma. Na madaraja ndo yanaganda kwanza kwa sababu upepo unayapoza juu na chini, kwa hiyo barabara inaweza kuwa nzuri tu mpaka unafika darajani.

Chumvi inasaidia lakini ina mpaka wake, ikishapita kama digrii 10 chini ya sifuri chumvi ya kawaida inakuwa karibu bure, ndo maana Calgary wanamwaga sana mchanga na kokoto ndogo, na hizo kokoto zikirushwa na tairi za lori mbele yako zinakuachia ufa kwenye kioo. Magari yenye vioo vya mbele vilivyopasuka yamejaa mji mzima, usishangae. Sheria ya jiji inakutaka usafishe njia iliyo mbele ya nyumba yako ndani ya masaa 24 baada ya theluji kuacha kudondoka, na mwenye akili anazoa kabla Chinook haijafika, maana theluji iliyoyeyuka nusu ikaganda tena beleshi haliingii, hapo unatafuta shoka.

Kutembea juu yake ni hatua fupi, mguu wote chini, mikono nje ya mifuko. Kuendesha ni taratibu, na ukiteleza usikanyage breki kwa hasira. Na jaketi usiliache nyumbani hata kama saa sita mchana watu wako na tisheti. Ukifungua simu kuangalia hali ya hewa ile namba kubwa ya mchana achana nayo, tafuta saa ngapi joto linashuka chini ya sifuri, ikiwezekana uwe umeshafika nyumbani saa hiyo.