Ukivishwa nyaya kichwani, ubishi wa spika utaisha?

Kwenye baraza letu hapa Mji wa Kale, Mombasa, ubishi wa spika hauishi. Huyu ataka besi itikise kikombe cha kahawa, yule ataka asikie kila uzi wa udi. Juzi kijana mmoja akaja na dawa: eti kuna mashine ya kupima ubongo, itatuamua. Mashine ipo kweli, ila mengi aliyotueleza yalikuwa chumvi.

"Inasoma mawazo." Haisomi. Elektrodi, yaani vijisahani vyenye nyaya vinavyobandikwa kwenye ngozi ya kichwa, hunasa umeme hafifu wa ubongo, makumi ya maikrovolti tu. Mjerumani Hans Berger aliurekodi kwa binadamu mwaka 1924. Kope zikipepesa au taya ikitafuna, umeme wa jicho na misuli huumeza ule wa ubongo. Watafuna muguka, nyinyi hampimiki.

"Ambacho hukukisikia, ubongo nao haukukisikia." Hapa ndipo penye utamu. Mtu huchezewa sauti ileile safi, tena na tena, halafu katikati huchomekwa moja yenye mkwaruzo. Ubongo hushtukia badiliko ndani ya milisekunde 100 hadi 250 hivi, hata kama mwenyewe kazama kwenye gazeti. Risto Näätänen wa Finland na wenzake walilieleza jibu hilo mwaka 1978. Akiambiwa autafute mkwaruzo na akaugundua, huja wimbi jingine, P300, baada ya kama milisekunde 300 au zaidi. Kadiri kasoro ilivyo wazi, ndivyo wimbi linavyoelekea kuwa kubwa na kuwahi. Na wapo wasikilizaji waliosema sauti haina neno, ilhali rekodi yaonyesha ubongo umegutuka. Lakini mlio mmoja hautoshi. Hurudiwa mara nyingi na kutafutwa wastani, kwa sababu jibu moja hupotea ndani ya kelele za umeme mwingine.

"Basi hakuna haja ya kuuliza watu." Ipo. Sauti za simu bado hupimwa kwa kuwauliza wasikilizaji watoe alama, 1 hadi 5. Wimbi laweza kuonyesha kwamba kasoro imenaswa. Kama inakera au inapendeza, hilo ni jambo jingine. Kanda za zamani za tarabu zina mkwaruzo ambao ubongo wowote utaunasa. Mzee wetu wa barazani ausikia vizuri sana, na ukimsafishia kanda yake atakuuliza ni nani kaiharibu.